Mkanda uliookotwa: mwongozo kamili wa kushuti filamu ya zimwi kwa simu, kwenye shamba la zabibu Dodoma

Mkanda uliookotwa ni filamu inayojitambulisha kama video iliyopigwa na wahusika wenyewe, ikapatikana baada ya mambo kuharibika. Wengi hudhani siri yake ni kutikisa kamera. Sivyo. Mtindo huu hutisha kwa sababu mtazamaji hajui chochote zaidi ya anachojua aliyeshika simu, na giza lote lililo nje ya fremu linakuwa mali ya zimwi. Ukiharibu hayo mawili unabaki na filamu ya kawaida iliyopigwa vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hata sini moja, jibu swali hili, na uendelee kulijibu hadi siku ya mwisho ya uhariri: nani ameshika simu, na kwa nini bado anarekodi?

Mwongozo huu ni wa filamu fupi ya dakika 12, watu 5, simu 2 na usiku 3. Lokesheni ni shamba la zabibu, kwa mfano upande wa Hombolo au Makutupora. Misitu inatumika sana kwenye filamu za aina hii, lakini shamba la zabibu lina kitu ambacho msitu hauna: mistari iliyonyooka ya nguzo na waya. Ukimulika tochi katikati ya mistari miwili, unaziona nguzo nne au tano, kisha giza. Macho ya mtazamaji hayana pa kwenda ila mwisho wa ule uchochoro.

Mpe simu mwenyewe

"Alikuwa anapenda kurekodi" si sababu. Mtu mwenye akili timamu akiona dubwana anatupa simu na kukimbia, na mtazamaji wa Kitanzania atalisema hilo kwa sauti kubwa. Tafuta sababu mbili zinazoshikana: moja inayomfanya aanze kurekodi, nyingine inayomzuia kuacha.

Chukua mfano huu. Kijana analinda shamba la mjomba wake wiki mbili kabla ya mavuno. Nguzo zinang'olewa usiku na mizabibu inachanwa. Mjomba yuko mjini, anaamini kijana anauza zabibu kwa siri, na amekataa kumlipa mpaka apate video ya kila usiku. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza. Tochi ya kijana ilikufa siku ya kwanza, na mwanga pekee alionao ni taa ya simu. Hiyo ndiyo sababu ya kutoacha: akiweka simu chini, amejiweka gizani mwenyewe.

Sasa maneno yake yanajiandika. Hatasema "jamani, kuna kitu kule." Atasema, "Mjomba, shikamoo. Hii ni nguzo ya tatu. Iangalie mwenyewe, haikukatwa, imeng'olewa." Anatetea jina lake, na hofu inapenya katikati ya utetezi huo.

Amua pia video zilifikaje kwetu. Kwenye mfano huu mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, pembeni mwa shamba, na kila klipu hutumwa WhatsApp kutokea hapo. Mkanda basi umeokotwa kwenye simu ya mjomba, na huhitaji maelezo marefu ya maandishi mwanzoni. Faida nyingine ni kwamba kila klipu inamlazimisha kijana kutoka kibandani na kutembea mpaka kichuguuni.

Mchana ndio unaojenga usiku

Sini ya kwanza ishutiwe saa 10:30 jioni, jua likiwa bado lipo, na iwe na kazi moja iliyojificha: kumpa mtazamaji kipimo. Chagua mstari ambao nguzo zake zinamfika mhusika mabegani. Asimame kando ya nguzo moja, aiegemee, aitikise ionekane ilivyochimbiwa. Kisha atembee kutoka kibandani hadi kichuguuni bila kukata, akihesabu nguzo kwa sauti kwa ajili ya mjomba. Mtazamaji hatajua kwamba amepewa rula, lakini usiku, kitu kitakapoonekana juu ya nguzo, atapiga hesabu mwenyewe. Ukubwa aliojipimia mtu humtisha kuliko ule alioambiwa.

Funga pia vitambaa vyeupe kwenye waya, na kijana aseme ni vya kufukuzia ndege. Kazi yake halisi utaiona kwenye usalama.

Tengeneza vipande vya zimwi tu

Kosa linalogharimu zaidi ni kushona vazi zima. Vazi zima litaonekana kuwa vazi, na ukishalilipia utatamani kulionyesha. Kwenye dakika 12, zimwi lionekane kwa jumla ya sekunde 6 hadi 8, mara tatu: macho ya mbali, mkono wa karibu, na umbo linalopita nyuma ya mtu. Tengeneza hivyo vitatu tu.

Macho. Nunua kipande cha stika ya kuakisi mwanga, ile inayobandikwa kwenye malori na bodaboda, rangi nyeupe. Kata miduara miwili ya sentimita 3. Ibandike kwenye ubao mwembamba uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, katikati ya jicho na jicho pawe na sentimita 12, karibu mara mbili ya macho ya binadamu. Funga ubao kwenye mwanzi wa mita 2.5. Stika hii hurudisha mwanga kule ulikotoka, na kwa kuwa taa ya simu iko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lenzi, macho yatawaka kwenye kamera hata mita 12, ilhali mtu aliyeshika mwanzi haonekani. Ukitumia tochi ya kichwani, mwanga unarudi kichwani badala ya kwenye lenzi, na macho yanafifia. Kope ni kitambaa cheusi kinachovutwa kwa uzi. Zimwi lipepese macho mara moja tu, polepole.

Jambo hili lina nguvu ya pekee kwetu. Anayeishi vijijini Dodoma, Singida au Manyoni anajua vimwanga viwili vinavyong'aa gizani ni nini: mbuzi, mbwa au fisi. Anajua pia vinatakiwa kuwa juu kiasi gani kutoka ardhini. Macho yakiwa kimo cha goti, mtazamaji anatulia. Yakiinuka taratibu mpaka yapite kichwa cha nguzo, ujuzi wake wote wa maisha unamwambia kuna kitu hakiko sawa. Huhitaji hata kelele.

Mkono. Bomba la plastiki la nusu inchi, vipande viwili vya sentimita 60, viungwe kwenye kiwiko kwa waya wa kufungia. Vidole vitatu vya waya mnene, kila kimoja sentimita 22, vizungushiwe sponji ya godoro chakavu. Chovya vipande vya gunia la katani kwenye gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, vivishe juu yake, acha vikauke siku nzima. Paka udongo mwekundu na majivu. Usipake nyeusi, kwani gizani mkono utapotea na utaishia kushuti hewa. Usipake rangi ya mafuta yenye kung'aa, maana taa ya simu itaufanya uonekane plastiki. Unyevu uwe kwenye kucha tu, na tumia glisirini. Maji hukauka ndani ya dakika chache kwenye hewa kavu ya huku, na katikati ya sini kucha zitabadilika.

Umbo linalopita ni mtu aliyejifunika gunia, ameinama, akitembea kwa mikono na miguu mita 6 nyuma ya mhusika, pale ambapo mwanga unaishia. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Mhusika akiwa mita 2 kutoka kwenye taa, kitu kilicho mita 8 kinapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga wake. Hapo ndipo mahali pa zimwi. Usijaribu kumfanya mwigizaji atembee kinyumenyume kisha ugeuze video: vumbi la Dodoma litakuumbua, litaonekana likikusanyika na kurudi ardhini chini ya miguu.

Simu

Tumia programu inayokuruhusu kushika mipangilio kwa mkono, kama Open Camera au Blackmagic Camera. Weka ubora wa picha wa 1080p, fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na ukishuti chini ya taa ya umeme kwa 1/60 utapata mistari inayocheza kwenye picha. Ukiiachia simu ijiamulie gizani, nyingi hupunguza fremu zenyewe, na kila mwendo unakuwa ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, isizidi 1600. Funga kipimo cha mwangaza kisijibadilishe chenyewe, lakini fokasi iache huru kwenye klipu mbili za usiku: ile sekunde moja ambayo simu inatafuta cha kushika, inapotea, inarudi, hakuna mwigizaji anayeweza kuiigiza.

Dakika moja ya video hula takriban MB 100 hadi 150, kwa hiyo kadi ya GB 64 inatosha. Pawabenki ya mAh 20,000 itaijaza simu ya mAh 5,000 mara 2 hadi 3. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, la sivyo mtu atapiga katikati ya sini iliyo bora kuliko zote.

Simama au lala? Watu wetu wakirekodi jambo la ghafla hushika simu wima, na hilo linaaminika. Picha ya wima hukata pembeni, ndipo zimwi linapoingilia. Kama unalenga ukumbi wenye skrini kubwa, shuti ya kulala na umpe mjomba sentensi moja ya kumwagiza kijana aishike hivyo. Usichanganye bila sababu.

Kuhusu kutikisa: mwaka 2008 Cloverfield, filamu ya zimwi ya mtindo huu, ilipoonyeshwa Marekani, baadhi ya kumbi zilibandika tahadhari kwa watazamaji kwamba picha inaweza kuwaletea kizunguzungu. Mtu anayesikia kichefuchefu haogopi, anasubiri iishe. Kanuni ni nyepesi: anayeogopa hugandisha mikono. Akisimama kusikiliza, simu itulie kabisa, viwiko vibanwe mbavuni. Mtikisiko mkubwa uje anapokimbia tu, kwa sekunde 8 au 10, tena mara moja kwenye filamu nzima.

Sauti

Ukikosa pesa ya kila kitu, weka nguvu yako hapa. Kwenye filamu ya simu, sauti ndiyo mwili wa zimwi.

Simu ya pili, imefunikwa kipande cha sponji, ikae mfukoni mwa shati la mwigizaji ikirekodi sauti mwanzo hadi mwisho. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila klipu ili mhariri aunganishe. Kati ya Julai na Septemba upepo wa Dodoma ni mkali mchana na jioni. Ukishuti bila sponji utapata ngurumo tupu, na hakuna programu itakayoiondoa bila kuyala maneno.

Kila mahali rekodi dakika 2 za ukimya wa mahali hapo: majani, mbwa wa mbali, nyenje. Kama shamba limekauka na nyenje ni wachache, nenda ukingoni mwa bwawa. Nyenje ndio kengele yako. Kwa kawaida hunyamaza kitu kikubwa kikiwakaribia, na yeyote aliyewahi kutembea usiku shambani analijua hilo mwilini hata kama hajawahi kulitamka. Weka nyenje chini ya klipu nzima ya usiku kwa dakika moja na nusu, mtazamaji aache kuwasikia. Kisha wakate upande mmoja wa shamba. Baada ya sekunde 4, kata wote. Hapo kijana akigeuka tu, watu wote chumbani watakuwa wamegeuka naye.

Koo la zimwi litafute hapahapa. Rekodi mbuzi akilia kwa karibu, punguza kasi mara mbili, sauti itashuka oktavu moja na itakuwa na mkwaruzo wa kifua kikubwa. Chini yake weka zeze la Kigogo: uzi mzito, upinde ukivutwa polepole mno kiasi kwamba noti haitoki, panatoka mgugumio tu. Zeze lisisikike kama muziki. Mkanda uliookotwa hauna muziki, kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kuuweka. Sauti za zimwi zipitishe kwenye spika ndogo iliyowekwa mita 10 shambani, kisha zirekodi upya kwa simu. Sauti safi ya kompyuta juu ya picha chafu ya simu ndiyo kosa linalofichua filamu nyingi za aina hii.

Waigizaji

Usiwape mistari ya kukariri. Waliotengeneza The Blair Witch Project (1999), filamu maarufu ya mkanda uliookotwa, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwaachia waigizaji watatu kamera msituni Maryland kwa siku nane, na kila mmoja alipewa maelekezo yake peke yake bila wenzake kuyajua. Chukua wazo hilo bila mateso yake. Mwambie kijana lengo la klipu ("mthibitishie mjomba hukuiba") na mambo mawili ya lazima. Usimwambie macho yatatokea nguzo ya ngapi. Ila ajue mapema kwamba macho yapo, ni ya nani, na neno la kusimamisha kazi ni lipi. Mtu aliyetishwa kweli kwenye shamba lenye waya anaumia.

Usalama na ruhusa

Waya wa mizabibu hukaa kimo cha kifua na shingo. Mbio zote ziwe ndani ya mstari, kamwe zisikatize, na vile vitambaa vyeupe viwe kila mita 2. Buti ngumu kwa kila mtu, kwa ajili ya kifutu, ambaye hakimbii anaposikia hatua. Shutini usiku wenye mbalamwezi: kamera ya simu haitauona mwanga huo, lakini ninyi mtaona mnapokanyaga. Kagueni viatu na jaketi za timu nzima, kwani viatu vingi vya michezo vina mistari inayoakisi na itawaka kama macho ya pili.

Jambo kubwa zaidi ni yowe. Kijijini yowe la usiku ni wito, na watu watafika na marungu. Mwone mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji siku mbili kabla, waambie usiku na saa, na kila usiku aliye mwenyeji akae njia panda awapokee wanaokuja. Kibali cha kutengeneza filamu kinatolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Kishughulikie mapema, na nakala iwe lokesheni.

Usilifanye zimwi kuwa bibi kizee wala mchawi wa jirani. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na Singida ya miaka ya 1940 ilikumbwa na mauaji yaliyohusishwa na watu-simba, yaani watu waliodaiwa kujigeuza simba. Zimwi lako liwe mnyama asiye na jina wala ukoo. Na usirushe klipu mtandaoni bila jina la filamu juu yake ili "ivume". Hofu ya Popobawa mwaka 1995 iliwakesha watu nje kwa makundi Pemba na Unguja kabla hatujawa na simu hizi. Leo klipu ya sekunde 20 inafika kila wilaya kabla ya asubuhi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo. Imani unayoihitaji ni ya dakika 12 ndani ya filamu. Majina ya waigizaji yaje mwishoni.

Ratiba na uhariri

Mwezi Julai jua la Dodoma linazama kama saa 12:35 jioni, na ikifika saa 1:00 giza limeshika. Klipu ya machweo basi ina dakika 20 tu. Ifanyieni mazoezi mara tatu mchana. Usiku wa kwanza shutini kutembea na nyenje, wa pili macho na mkono, wa tatu mbio na kurudia yaliyoharibika. Mbio zije mwisho kwa sababu ndizo zinazovunja simu.

Kwenye uhariri, kata inaruhusiwa kwa sababu tatu: mwenye simu amezima, simu imeanguka, au kitu kimeziba lenzi. Klipu ziende sekunde 40 hadi 90 bila kukatwa. Ukilazimika kuunganisha, ficha kata pale simu inapopita gizani kwa haraka.

Usiweke neno la kurekodi linalowakawaka wala alama ya betri: hivyo huonekana kwenye kioo cha simu, haviingii kwenye faili. Mistari ya kanda za zamani nayo haina nafasi kwenye video ya simu. Klipu ya mwisho inahitaji fikra zaidi, maana simu ikizimika ghafla faili mara nyingi halifunguki. Kwa hiyo simu ianguke ikiwa hai, ilalie ubavu chini ya mzabibu, taa ikimulika nguzo moja. Ibaki hivyo sekunde 30. Nyenje wanarudi. Kisha mkono unaingia, unaigusa, picha inatikisika, na mtu au kitu kinabonyeza kuzima. Na kwa kuwa klipu hiyo ilifika kwa mjomba, kuna aliyepanda nayo kichuguuni. Usilieleze hilo popote.

Kabla ya kuitoa, itazame kwenye simu ya bei ndogo, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Klipu nyeusi kabisa zikibanwa na WhatsApp hugeuka viboksi vya kijivu, kwa hiyo kila fremu iwe na kitu kimoja chenye mwanga, hata kama ni jani. Kisha keti na watu watano ambao hawajui chochote kuhusu filamu, waonyeshe mara moja, na waulize zimwi lina urefu gani. Watakupa majibu tofauti. Kama yupo anayetaja kimo kisichopita nguzo, rudi ukashuti upya ile klipu ya saa 10:30.